Gawa Usingizi, Usiupunguze
Hotuba kwa wakazi wanaofanya kazi usiku



Mvuvi wa omena katika Ziwa Viktoria hukesha na taa majini na kurudi ufuoni kunapopambazuka. Akifika nyumbani, watoto wanaenda shule, mifugo inamngoja na wanunuzi wanapiga simu. Analala kwa muda wa saa tatu hivi, kisha anaamka. Mlinzi na muuguzi wa zamu ya usiku hali yao ni hiyo hiyo. Deni la usingizi linalimbikizana, na hulipwa kwa ajali, hasira na magonjwa.

Wapo wanaodai kwamba dawa ni kulala vipande vipande. Mpango mmoja unaovuma unamtaka mtu alale mara sita kwa siku, dakika 20 kila mara. Jumla yake ni saa mbili tu! Mwaka wa 2021, jopo la wataalamu wa National Sleep Foundation ya Marekani lilipitia tafiti kuhusu mipango ya namna hiyo. Halikupata ushahidi wa faida yoyote, bali lilionya kwamba inadhuru afya na utendaji kazi. Mtu mzima anahitaji angalau saa saba za usingizi katika kila saa 24. Anayedhani amezoea kulala kidogo huwa ameacha tu kutambua uchovu wake.

Hata hivyo, anayefanya kazi usiku anaweza kuugawa usingizi wake bila kuupunguza. Msingi ni usingizi mkuu, usiopungua saa nne mfululizo, wakati ule ule kila siku. Kwa mfano, anayetoka kazini alfajiri alale kuanzia saa moja asubuhi hadi saa sita mchana. Hizo ni saa tano. Alale tena kuanzia saa kumi jioni hadi saa kumi na moja u nusu. Usiku, wakati wa mapumziko, aongeze dakika 30. Jumla ni saa saba. Kukiwa na mazishi au baraza, asogeze ule usingizi wa jioni, asiguse ule mkuu.

Usingizi mfupi una nguvu. Shirika la anga la Marekani, NASA, liliwapa marubani wa safari ndefu nafasi ya dakika 40 kupumzika. Walilala takriban dakika 26, na wakawa macho zaidi kuliko wenzao ambao hawakulala. Lakini anayeamka ghafla huwa na kichwa kizito. Asubiri dakika 15 au 20 kabla ya kushika usukani, kuendesha mashua au kumdunga mgonjwa sindano.

Kikombe cha kahawa kabla tu ya usingizi huo mfupi husaidia, kwa kuwa huanza kufanya kazi mtu anapoamka. Kahawa ya mwisho wa zamu humnyima usingizi wa asubuhi. Miraa huficha uchovu, haiuondoi. Dereva anayesinzia hatibiwi na redio wala dirisha lililo wazi. Aegeshe gari mahali salama, alale.

Jambo hili si la mfanyakazi peke yake. Jamaa zake watie pazia zito chumbani, wazime simu yake na watoto wachezee mbali. Jirani asibishe hodi asubuhi kwa jambo linaloweza kungoja. Mwajiri naye atenge mahali pa kupumzikia.

Anayekosa usingizi kwa wiki kadhaa, au anayekoroma huku pumzi ikikatika, afike kituo cha afya kilicho karibu au azungumze na mhamasishaji wa afya ya jamii wa kijijini kwake.