Saini ya Ndugu, Deni la Mwingine

Udanganyifu wa mkopo ndani ya familia hutokea pale mtu anapokopa kwa jina, saini, laini ya simu au mali ya ndugu yake bila ridhaa ya mwenyewe. Bila kuitazama ridhaa hiyo, mjadala hauendi mbali. Kaka aliyesaini kwa hiari kumdhamini mdogo wake, kisha mdogo akatokomea Afrika Kusini, hajaghushiwa kitu. Amedhamini, na Sheria ya Mikataba ya Tanzania inambebesha mdhamini mzigo uleule wa mkopaji, isipokuwa mkataba wenyewe useme vinginevyo. Lakini mama ambaye nakala ya kitambulisho chake cha taifa (NIDA) ilichomolewa kabatini, ikapelekwa kwa mkopeshaji na saini ikachorwa chini yake, hakukopa. Vikao vya familia huyachanganya sana mambo haya mawili, na mkopeshaji hana haraka ya kuyatenganisha.

Njia nyepesi kuliko zote iko kwenye simu. Tangu huduma ya mikopo ya simu ya M-Shwari ilipoanza nchini Kenya mwezi Novemba 2012 na M-Pawa ikafuata Tanzania mwaka 2014, mkopo hauhitaji tena afisa wa kumtazama mkopaji usoni. Unahitaji laini na namba ya siri. Bibi anayetumiwa pesa kijijini mara nyingi huzitoa kwa mkono wa mjukuu, na mjukuu ndiye anayeijua namba ya siri. Mjukuu akikopa, mfumo unamwona bibi. Masharti ya watoa huduma kwa kawaida huhesabu muamala uliopitishwa kwa namba ya siri kuwa ni wa mwenye laini, ndiyo maana mkopo wa simu, hata ukiwa wa shilingi chache, ni mgumu kuukana. Kinachoweza kumsaidia bibi ni mkondo wa pesa zenyewe: taarifa ya miamala huonyesha mkopo uliingia saa ngapi, na dakika chache baadaye ulitumwa namba gani.

Upo pia ujanja wa laini ya ziada. Tanzania ilianza kusajili laini kwa alama za vidole mwezi Mei 2019. Mzee anayepelekwa na kijana wa nyumbani kwa wakala anaweza kuombwa kuweka kidole mara ya pili kwa maelezo kwamba mashine haijasoma, kumbe mara hiyo inasajiliwa laini nyingine kwa jina lake. Kupiga nyota 106 reli huonyesha namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho cha mtu. Kazi hiyo ni ya dakika mbili, na familia nyingi huifanya baada ya deni kuibuka.

Kisha kuna mikopo ambayo Watanzania wameibatiza kausha damu. Hapa mkopeshaji anataka picha za pasipoti, nakala ya kitambulisho, barua ya serikali ya mtaa, jina la mdhamini na kitu cha kushikilia, kuanzia televisheni na friji hadi kadi ya bodaboda, au kadi ya ATM ya mwalimu au mstaafu. Karibu vyote hivyo vimo ndani ya nyumba, na anayeishi humo anajua vilipo. Mke huandikisha friji iliyonunuliwa na mume. Mtoto hupeleka kadi ya pensheni ya baba. Shemeji humwandika wifi kuwa mdhamini na kumsainia hapohapo, na mkopeshaji asiyetaka kumpoteza mteja hapigi simu kuuliza. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inawataka wakopeshaji wa namna hii wawe na leseni, na mwezi Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya majukwaa na programu 69 za mikopo ya mtandaoni zilizokuwa zikifanya kazi bila kibali. Mkopeshaji kukosa leseni hakumfutii ndugu kosa la kughushi, ila kunampunguzia mkopeshaji sauti anapofika mlangoni na mgambo.

Pesa kubwa hukopwa kwa nyumba, na hapa ndipo sheria ilipojipanga vizuri zaidi. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 59, inakataza mume au mke kuuza, kupangisha, kugawa au kuweka rehani nyumba ya ndoa bila idhini ya mwenzake, hata kama hati ina jina moja tu. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, kifungu cha 114, inataka nyaraka za rehani ya nyumba ya ndoa zisainiwe na mwenye mali pamoja na mwenzi au wenzi wanaoishi humo. Marekebisho ya mwaka 2008 yakaongeza makali: mkopaji anayetoa kwa makusudi maelezo ya uongo kuhusu mwenzi wake anaweza kutozwa faini isiyopungua nusu ya fedha za mkopo, au kufungwa si chini ya miezi 12.

Pamoja na hayo, mwanya haujazibika. Mwanamke mwingine hupelekwa kwa wakili akasaini kama mke wa ndoa. Mume huapa kwamba hajaoa. Nyumba ya marehemu ambayo mirathi yake haijafunguliwa huwekwa dhamana na kaka mkubwa aliyeshika leseni ya makazi, na ndugu sita wanaoishi humo hawana habari. Mahakama nazo zimeuona upande wa pili wa shilingi: wanandoa waliokula mkopo pamoja, kisha mnada ulipokaribia mmoja akaibuka kudai hakushirikishwa. Kwa hiyo tarehe ya kulalamika ina thamani kubwa. Mke aliyeiandikia benki wiki ileile alipogundua husikilizwa tofauti na yule aliyenyamaza mwaka mzima hadi tangazo la dalali likabandikwa ukutani.

Muda wa kufanya kitu upo. Mkopeshaji aliyeshika rehani ya ardhi anapaswa kumpa mdaiwa notisi ya siku 60 kabla ya kuchukua hatua ya kuuza, na mnada wenyewe hutangazwa siku 14 kabla. Katika kipindi hicho mwenzi au mrithi anaweza kuweka zuio kwa Msajili wa Hati na kufungua shauri katika Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, akiomba mnada usimamishwe hadi atakaposikilizwa.

Iwe ni simu, friji au nyumba, kosa linalofanywa na familia nyingi ni moja: kulipa rejesho la kwanza ili kuficha aibu. Baba anapolipa mwezi mmoja kwa deni asilolijua, huku akimtafuta mwanawe, anaacha risiti yenye jina lake. Mkopeshaji ataionyesha risiti hiyo baadaye kama ushahidi kwamba deni lilikubaliwa. Ahadi ya mdomo, au ujumbe wa simu wa kuomba mwezi mmoja zaidi, huweza kusomwa hivyohivyo. Kama familia inataka kulipa kwa huruma, ilipe baada ya kukana deni kwa maandishi, na malipo yaandikwe kuwa ni kwa niaba ya aliyekopa.

Barua ya kukana haihitaji Kiswahili cha mahakamani. Inataja namba ya mkopo, inasema mwenye jina hakuomba, hakusaini wala hakupokea fedha, na inaomba nakala za fomu, picha, kitambulisho na namba ya akaunti au simu iliyopokea pesa. Nakala moja hubaki na mlalamikaji ikiwa na mhuri wa kupokelewa. Maombi ya nyaraka yana faida kuliko malalamiko yenyewe, maana picha iliyobandikwa kwenye fomu mara nyingi ni ya mtu mwingine kabisa, na saini haifanani hata kwa jicho la mtoto wa shule. Taasisi yenye leseni isipojibu au ikijibu kwa kuzungusha, lalamiko hupelekwa Benki Kuu, ambayo ina kanuni za kuwalinda watumiaji wa huduma za fedha za mwaka 2019.

Hatua ya polisi ndiyo inayogawa ukoo. Shangazi atasema mtoto hafungwi kwa ajili ya pesa, na baba mdogo atajibu kwamba huyo si mtoto tena. Kughushi na kujifanya mtu mwingine ni makosa ya jinai, na yakifanywa kwa simu au kompyuta, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 nayo huingia. Wanaokwenda kituoni wanapaswa kujua jambo moja kabla ya kupewa namba ya taarifa ya polisi (RB): kesi ikishafika mahakamani ni ya Jamhuri, si ya baba wala shangazi. Anayeweza kuiondoa ni Mkurugenzi wa Mashtaka. Tangu mwaka 2019 sheria inaruhusu mshtakiwa na upande wa mashtaka kujadiliana kuhusu kukiri kosa, na fidia huweza kuwa sehemu ya makubaliano, lakini mlango huo haufunguliwi na kikao cha ukoo. Wakopeshaji nao huuliza namba ya RB kabla ya kuchunguza dai la kughushiwa. Hivyo familia inayotaka mama afutiwe deni bila jina la mwana kutajwa popote inataka vitu viwili visivyokaa pamoja.

Kikao cha familia bado kina kazi yake, mradi kiache karatasi. Maelezo ya mkosaji yaliyoandikwa na kusainiwa, yakitaja kiasi, tarehe na mkopeshaji, mbele ya mashahidi wasio wa upande mmoja, yanasaidia kuliko machozi ya jioni nzima. Hata hivyo, hayamfungi mkopeshaji ambaye hakuwepo.

Kumbukumbu za mikopo nazo husafishwa kivyake. Tanzania ilitoa leseni za kwanza za kampuni za taarifa za wakopaji mwaka 2013, kwa Dun & Bradstreet na Creditinfo, na deni bandia linaweza kukaa humo hata baada ya ndugu kupatana. Mwenye jina huomba ripoti yake na kupinga ingizo hilo kwa maandishi. Nchini Kenya, ambako kuwekwa kwenye orodha ya kampuni hizo (CRB) ni tishio linalojulikana na kila mkopaji, mwananchi ana haki ya ripoti moja ya bure kwa mwaka, na Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012 nayo inadai idhini ya mwenzi kabla ya nyumba ya ndoa kuwekwa dhamana. Programu za mikopo zinazosambaza picha ya mdaiwa kwa majina yote yaliyo kwenye simu yake hushtakiwa Tanzania kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, chini ya sheria ya mwaka 2022.

Linabaki deni linalojitokeza msibani. Mkopeshaji huja siku ya arobaini na fomu yenye saini ya marehemu, wakati mwingine iliyosainiwa alipokuwa amelazwa hajitambui. Madeni ya marehemu hulipwa na msimamizi wa mirathi kutoka kwenye mali aliyoiacha, si kutoka mifukoni mwa watoto wake. Msimamizi ana haki ya kukataa dai analolitilia shaka na kumtaka mdai athibitishe. Rekodi za hospitali, taarifa ya benki ya marehemu na saini zake za zamani kwenye fomu za kazi au cheti cha ndoa ndivyo vielelezo vya kwanza kukusanywa, kabla makaratasi yake hayajagawanywa pamoja na nguo.