Maneno Wanayotafuta Watu: Tujenge Mizani Yetu Wenyewe

(Hotuba iliyotolewa mbele ya mkutano wa wanafunzi wa zamani, Ilemela)



Kamati imeniomba nizungumzie biashara na intaneti. Jambo hilo ni pana, nami sitalimaliza. Nitachukua kipande kimoja tu, yaani maneno. Nataka kuonyesha kwamba mwenye tovuti huuza au hukosa kuuza kwa sababu ya neno alilochagua, na kwamba sisi tuliotoka katika shule hii tunaweza kujenga chombo cha kuyapima maneno hayo, tukakimiliki pamoja.

Kwanza tuelewane juu ya jina la kikoa. Hilo ni jina la anwani ya tovuti, ambalo mtu hulisajili na kulilipia ada kwa muda fulani. Nchi yetu ina mwisho wake, yaani .tz, na mwaka 2006 iliundwa tzNIC ili kuusimamia. Chini yake yapo mafungu: co.tz ni la biashara, or.tz la mashirika, ac.tz la vyuo, sc.tz la shule, na go.tz la serikali. Mwenye jina la kikoa ni kama mwenye kiwanja. Hati anayo, lakini hati haileti mteja. Mteja huletwa na neno aliloliandika mwenyewe alipokuwa akitafuta.

Chukueni mfano wa ziwa letu. Samaki mdogo anayeanikwa Igombe na Kayenze, na kuuzwa kwa magunia pale Mwaloni Kirumba, sisi tunamwita dagaa. Akivuka kwenda Kisumu anaitwa omena. Akifika Uganda anaitwa mukene. Sangara wetu ni mbuta kwa Mjaluo, na mputa kwa Mganda. Sato ni ngege. Mfanyabiashara wa Kirumba akiandika katika tovuti yake neno "dagaa" peke yake, mnunuzi wa Kisumu anayeandika "omena" hatamwona, ingawa samaki ni yule yule na maji ni yale yale. Na yule anayeuza kayabo au mabondo, je, anajua wanunuzi wake huandika nini? Wengi wanakisia tu.

Mtu atasema vyombo vya kupima maneno vipo. Ni kweli. Google wana chombo kiitwacho Keyword Planner. Lakini kilitengenezwa kwa ajili ya wanaolipia matangazo, na tangu mwaka 2016 asiyetumia fedha za kutosha haonyeshwi hesabu kamili, bali makadirio mapana, kwa mfano kati ya 100 na 1,000. Neno linalotafutwa na watu wachache mara nyingi halionyeshwi kabisa. Mwenye duka wa Pasiansi akipima "fremu ya kupanga Ilemela" akaona patupu, huamua kwamba hakuna anayetafuta kwa Kiswahili. Basi anasajili jina la Kiingereza, anaandika kurasa zake kwa Kiingereza, na jirani yake anayemhitaji anampita. Ndugu zangu, mizani ikisoma sifuri haina maana kwamba gunia ni tupu. Huenda mizani yenyewe haikutengenezwa kwa mzigo wa namna hiyo.

Tena iko shida ya lugha. Kiingereza hubadilisha zaidi mwisho wa neno. Kiswahili hubadilisha mwanzo na mwisho pia. Nauza, tunauza, muuzaji, wauzaji, inauzwa: hayo yote yana mzizi mmoja. Kiwanja na viwanja ni kitu kimoja kwa mnunuzi wa Buswelu, lakini chombo kisichojua ngeli huviandika mbali mbali, na kila kimoja huonekana kidogo. Na mashine ikikata maneno ovyo itachukua uzi na uzito, iviweke pamoja na kuuza. Kazi ya kutenganisha hayo inamhitaji mtu anayeisema lugha.

Sasa wazee wetu walifanya nini walipokuwa na mashaka na mizani? Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima wa pamba wa Usukuma walilalamika kwamba wanapunjwa uzito na wanunuzi. Hawakuishia kulalamika. Waliweka wapimaji wao wenyewe wa kuhakiki mizani. Katika harakati hizo Paul Bomani na wenzake walijenga vyama vya ushirika, na mwaka 1955 likaundwa shirikisho lao, Victoria Federation of Co-operative Unions, hapa hapa Mwanza. Ushirika ule ulianzia kwenye swali moja: nani anasoma mizani?

Nami napendekeza tulijibu swali hilo kwa upande wa maneno. Malighafi tunayo. Google humpa kila mwenye tovuti aliyejiandikisha taarifa ya bure iitwayo Search Console. Humwambia watu waliandika maneno gani hata ukurasa wake ukaonekana, umeonekana mara ngapi, na umebofywa mara ngapi. Kumbukumbu hizo hurudi nyuma miezi 16. Lakini kila mmoja huona kipande chake tu. Muuza samaki huona ya samaki, mwenye nyumba ya wageni huona ya wageni. Tukiviweka vipande hivyo katika daftari moja, tutaanza kuliona soko lote.

Daftari hilo liwe na kanuni nne.

Kanuni ya kwanza: anayechangia ndiye anayesoma. Kila mwanachama alete jedwali lake mara moja kwa mwezi. Asiyeleta asione.

Kanuni ya pili: neno lisitolewe mpaka limeletwa na tovuti tatu au zaidi, na jina la tovuti lisiandikwe kamwe. Hivyo hakuna atakayesoma siri ya jirani yake. Maneno yenye majina ya watu au namba za simu yafutwe kabla ya kuingizwa. Tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, nasi tuanze kazi tukiiheshimu.

Kanuni ya tatu: hesabu iwe ya kweli. Tuseme tovuti tatu zimeonekana kwa neno "dagaa wa Mwanza" mara 40, mara 35 na mara 25. Mwenye haraka atajumlisha aseme 100. Si sahihi, maana mtu mmoja akitafuta mara moja anaweza kuziona zote tatu. Tunachoweza kusema bila kudanganya ni kwamba utafutaji haukupungua 40. Basi tuandike "si chini ya 40". Afadhali hesabu ndogo ya kuaminika kuliko kubwa ya kujifurahisha.

Kanuni ya nne: daftari likaguliwe na wanachama wenyewe kila mwaka. Miaka yangu katika utumishi wa umma imenifundisha kwamba rejista isiyokaguliwa huharibika, hata ikiwa aliyeianzisha ni mtu mwema.

Najua lipo pingamizi, na ni pingamizi la haki: "Kwa nini nimpe mshindani wangu maneno yangu?" Jibu langu ni hili. Mshindani wako wa Kirumba tayari anayajua mengi ya maneno hayo, kwa kuwa anauza kando yako. Msichojua nyote wawili ni kile anachoandika mnunuzi wa Kisumu, wa Kampala au wa Bukavu. Hilo hamtalijua mkiwa mmoja mmoja. Hatari ninayoiona kubwa zaidi ni ya mwanachama kusoma daftari, kisha akakimbilia kusajili jina la biashara ya mwenzake ili amuuzie baadaye. Atakayefanya hivyo atolewe, na jambo hilo liandikwe katika katiba yetu tangu siku ya kwanza.

Vijana, nanyi mna kazi, tena si ndogo. Kukusanya maneno kwa msaada wa watu wengi si jambo jipya. Mwaka 1994 ulianza Mradi wa Kamusi kupitia Chuo Kikuu cha Yale, na watu wa nchi mbali mbali wakachangia maneno ya Kiswahili kwa njia ya intaneti. Mwaka 2004 programu ya OpenOffice ilitolewa kwa Kiswahili kwa kazi iliyofanyika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Ninyi mnaojifunza ngeli na mnyambuliko darasani mnaweza kupanga maneno yetu kwa mizizi yake, na kuandika pembeni kwamba dagaa, omena na mukene ni samaki mmoja. Mwenye wazazi wavuvi anajua zaidi ya mashine. Anayependa hisabati na kompyuta ataandika programu ya kusoma majedwali. Kwa kuanzia kompyuta moja inatosha.

Ndugu Mwenyekiti, naomba mkutano huu ufanye mambo mawili kabla hatujaenda kula. Uchague kamati ya watu watano, wawili kati yao wawe wanafunzi. Na wanachama kumi wenye tovuti wajiandikishe leo kuleta majedwali yao kwa miezi mitatu. Miezi hiyo ikipita tukaona hakuna faida, tufunge daftari na tuwaeleze wanachama sababu. Tukiona faida, tuwafungulie mlango wafanyabiashara wote wa Ilemela, wawe wamesoma hapa au hawakusoma hapa.