Jini, Mchaichai na Ndimu: Mazungumzo na Watumiaji wa Bidhaa

 

Nilipopangiwa kuzungumza juu ya jini, mwenzangu ofisini aliniuliza iwapo nitakuja na ubani. Naomba niwatoe hofu. Sizungumzii yule wa Alfu Lela U Lela, bali pombe kali inayonukizwa kwa matunda madogo ya mti uitwao juniperi, pamoja na viungo ambavyo vingine tunavyo jikoni: giligilani, iliki, mdalasini, maganda ya limau. Ndiyo maana hupatana vema na mimea ya bustani zetu.

Chemsheni mabua mawili ya mchaichai yaliyopondwa na punje tatu za iliki katika vikombe viwili vya maji. Funikeni, acheni yapoe kabisa, kisha chujeni. Katika glasi yenye barafu tieni vijiko viwili vya chakula vya jini, kijiko kimoja cha maji ya ndimu, asali kidogo na nusu kikombe cha maji yale ya mchaichai. Jazieni maji ya soda, mweke na vipande vitatu vya tango. Wengine hupenda nanaa. Kwa maoni yangu nanaa huimeza harufu ya mchaichai. Asiyekunywa pombe aiache jini, na kinywaji kitabaki kitamu.

Nimesema vijiko, wala sikusema "kiasi", kwa makusudi. Kijiko cha chakula ni mililita 15. Vijiko viwili vya jini yenye kilevi cha asilimia 40 vina mililita 12 za kilevi halisi. Anayemimina kwa kukadiria akafikisha mililita 90 amekunywa mara tatu ya hapo, ingawa mezani pana glasi moja tu, na ndimu na asali hazitamwonya.

Barafu nayo itengenezwe kwa maji yaliyochemshwa. Wapo wanaoamini kwamba jini huua vijidudu, lakini ndani ya glasi iliyochanganywa hivi kilevi hushuka hadi karibu asilimia 5, nacho hakiwezi kazi hiyo.

Sasa nije kwenye chupa yenyewe, kwa kuwa hapo ndipo uhai wa mtu ulipo. Pombe bandia huweza kuwa na methanoli, kemikali ya viwandani ambayo hata mililita chache zaweza kupofusha, na zikizidi kidogo huua. Methanoli haitambuliki kwa ladha wala kwa harufu, na mchaichai wetu huifunika zaidi. Kuiwasha pombe kwa kiberiti na kutazama rangi ya mwali si kipimo cha kuaminika. Haiondoki kwa kutiwa ndimu, wala kwa kugandishwa.

Kwa hiyo ukaguzi hufanyika dukani, kabla ya kulipa. Tazameni kama kifuniko hakijafunguliwa. Tafuteni alama ya ubora ya TBS, kisha stempu ya kodi ya kielektroniki, iliyoanza kutumika nchini mwaka 2019. Hivi ni vitu viwili tofauti: stempu huhusu kodi, alama huhusu ubora, na kimoja hakichukui nafasi ya kingine. Pombe kali katika vifuko vya plastiki, yaani viroba, ilipigwa marufuku tangu Machi 1, 2017. Atakayewauzia leo anavunja sheria. Chupa inayouzwa kwa bei ya chini mno kuliko maduka mengine ina sababu yake, na muuzaji hatawaambia. Daini risiti.

Dalili za methanoli huweza kuchelewa hata siku nzima: kichwa kuuma sana, kutapika, tumbo kuuma, kuona ukungu mbele ya macho. Watu wengi hudhani ni uchovu wa pombe, wakamwacha mgonjwa alale. Msimwache. Mpelekeni hospitali mara moja, mkiwa na chupa ile na kilichobaki ndani yake, maana daktari ataihitaji, nasi pia tutaihitaji kumfuatilia aliyeiuza.

Na chupa nzuri ikiisha, chaneni lebo na kuharibu kifuniko kabla ya kuitupa. Waghushi huzinunua zikiwa nzima.