Silinda Ioshwe kwa Maji na Sabuni



Injini ya mashine yetu ya kusaga ikifunguliwa kubadilishwa ringi, fundi huipiga silinda msasa ndani. Ile mikwaruzo myembamba inayokatana si uharibifu. Ndiyo inayoshika oili. Lakini chembe za msasa hujificha humo, na mafuta ya taa peke yake hayazitoi zote. Injini ikifungwa hivyo, chembe zitakula ringi mpya, na fedha za kijiji zitapotea bure.

Basi, osheni kwa maji ya moto, sabuni na brashi. Kausheni. Pitisheni kitambaa cheupe chenye oili. Kikitoka na weusi, rudieni kuosha. Kikitoka safi, pakeni oili papo hapo, silinda isishike kutu.

Je, fundi wenu huosha? Muulizeni kabla hajafunga injini.