Barua Kwanza, Kazi Baadaye

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama, Machakos)



Leo twataka kusema habari ya kazi ambayo wengi huidhania ni ya raha tu: kazi ya kufundisha na kufanya utafiti katika chuo kikuu. Machakos ina chuo kikuu chake kamili tangu mwaka 2016. Kabla ya hapo kilikuwa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Kenyatta. Watoto wetu wanasoma huko, na baadhi yao sasa wanatafuta kazi hiyo. Basi yafaa tujue mambo yalivyo.

Kwanza, utafiti ni kazi. Mahindi ya Katumani, yanayowahi kukomaa kabla mvua haijakatika, yalitoka katika kituo cha utafiti kilicho hapa hapa kwetu. Na yale matuta ya "fanya juu" ambayo mama zetu waliyachimba kwa mwethya, wataalamu walikuja wakayachunguza. Mwaka 1994 kikatoka kitabu kilichoonyesha kwamba tangu miaka ya 1930 watu wa Machakos waliongezeka zaidi ya mara tano, na huku mmomonyoko wa udongo ukapungua. Mmoja wa waandishi wake watatu, Francis Gichuki, alikuwa mhadhiri wa Chuo Kikuu cha Nairobi. Jembe lilichimba, kalamu ikashuhudia. Yote mawili yastahili mshahara.

Pili, ngazi ni ndefu. Kuna mhadhiri, mhadhiri mwandamizi, profesa mshiriki, kisha profesa. Siku hizi anayetaka kuwa mhadhiri hutakiwa awe na shahada ya udaktari. Wengi hukaa chini ya ngazi kama walimu wa muda, wakilipwa kwa somo. Hufundisha muhula mzima, husahihisha mitihani, kisha hungoja pesa miezi mingi.

Hata walioajiriwa kwa kudumu hawakuponea. Mwaka 2025 wahadhiri wa vyuo vya serikali waligoma siku 49 wakidai pesa za mapatano ya miaka 2017 hadi 2021. Ikiwa wenye mapatano yaliyotiwa sahihi walingoja hivyo, je, asiye na hata karatasi moja atashika nini mkononi?

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 yasema kwamba mapatano ya kazi ya miezi mitatu au zaidi lazima yaandikwe, na ni wajibu wa mwajiri kuyaandikisha. Kwa hiyo twawaambia vijana wetu: usiingie darasani kwa ahadi ya mdomo. Omba barua. Andika kila saa uliyofundisha, na nakala iweke nyumbani.

Tena jiungeni na chama. Walimu wa vyuo vikuu waligoma mwaka 1993 wakidai chama chao kiandikishwe. Hakikuandikishwa mpaka 2003. Miaka kumi! Haki waliyoingoja hivyo isiachwe ilale bure.

Na sisi wapishi, wafagiaji, walinzi na makarani tusiseme, "Hayo ni ya wasomi." Mgomo ukifunga darasa, jiko nalo hupoa. Mwethya hauulizi nani amesoma. Huuliza nani amekuja na jembe. Kidole kimoja hakivunji chawa.