Jirani Haulizwi Dini

Mwanzoni mwa 2008 uwanja wa maonyesho wa Nakuru ulijaa mahema ya waliofukuzwa makwao. Tena, alfajiri ya Aprili 29, 2024, maji yalishuka Maai Mahiu, karibu na mlima Longonot, yakachukua nyumba na watu. Hayakuuliza nani Mkristo, nani Mwislamu. Mbona sisi twauliza?

Wayahudi na Wasamaria hawakuabudu pamoja. Lakini Msamaria wa Luka 10 alimfunga majeruhi vidonda, akamlipia malazi.

Mtaani kwako yuko mtu alalaye kwenye baraza ya duka. Ukimwona Mwislamu akimpikia uji, usiinjike sufuria ya kushindana naye. Mpelekee kuni, mpike pamoja.

Bwana atupe moyo huo. Amina.