Usihesabu vipande, hesabu namba



Juma hili nataka tuzungumze juu ya spana. Wako watakaosema kwamba mambo ya spana ni ya gereji. La hasha! Katika miji yetu, Songea ikiwamo, mwalimu, muuguzi na mwenye duka siku hizi wanamiliki magari, mengi yakiwa ya Kijapani yaliyokwisha kutumika huko yalikotoka. Magari ya namna hiyo hudai huduma ndogo ndogo kila mara: leo waya wa betri umelegea, kesho plagi zimechafuka, keshokutwa oili imefika wakati wake. Mwenye spana zake huyamaliza hayo uani kwake. Asiye nazo humngoja fundi, na akikwama usiku katika mlima wa Lukumburu, njia ya Njombe, fundi mwenyewe wa kumngoja hayupo.

Ndiyo maana watu wananunua seti za boksi spana, zile ambazo wengine huziita soketi. Swali langu ni moja: wananunua nini hasa?

Hapa Msamala ninapoishi, vijana wa kutembeza bidhaa hupita na visanduku vya plastiki ambavyo ndani yake vyuma vinang'aa kama vijiko vya harusi. Juu pameandikwa: vipande 46. Mnunuzi akisikia 46 huona amepata mali. Jirani yangu alikinunua kimoja, nami nikamwomba tukihesabu. Boksi zenyewe zilikuwa 13, kuanzia namba 4 hadi 14. Vilivyobaki, karibu vyote vilikuwa ncha za bisibisi. Nati za tairi za Toyota yake ni namba 21.

Hasara ilimkuta alipotaka kumwaga oili. Nati ilikuwa imekaza. Akachomeka bomba kwenye mkono wa spana ili kuongeza nguvu, meno ya ndani yakaruka, kiganja kikagonga chuma na kuchanika. Akaazima koleo, nalo likala pembe za nati. Mwisho fundi alilazimika kulehemu nati nyingine juu yake ndipo itoke. Jirani yangu alilipia kulehemu, akalipia nati mpya, akatembea kwa miguu siku mbili. Wazee walisema, kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

Mwaka 1920, huko Milwaukee, Marekani, Joseph Johnson na William Seidemann walianzisha kampuni ya Snap-on kwa wazo rahisi: boksi 10 zinazobadilishana juu ya mikono 5. Faida waliyoiuza ilikuwa uchache, yaani vyuma vichache vifanye kazi ya vingi. Leo sisi tunauziwa wingi.

Basi tuanze na gari lenyewe. Magari mengi ya Kijapani hayana makuu. Namba 10 hushika betri na vifuniko. Namba 12 na 14 hushika sehemu kubwa ya injini, na nati ya kumwagia oili kwa Toyota nyingi ni 14. Namba 17 na 19 utazihitaji chini ya gari. Nati za tairi kwa Toyota na Nissan nyingi ni 21, kwa Honda na Suzuki nyingi ni 19. Ongeza namba 8, na boksi ndefu ya plagi, ambayo mara nyingi ni 16. Hesabu mwenyewe: hazifiki hata kumi. Mwenye Land Rover ya zamani ana hesabu yake, kwa kuwa nati zake nyingi ni za inchi.

Pili, tazama tundu la mraba linaloingia mkono wa spana. Hilo hupimwa kwa inchi hata kama boksi ni za milimita. La 1/4 ni la bolti ndogo, nalo ndilo lililokuwa katika kile kisanduku cha vipande 46. La 3/8 hufaa kazi nyingi za injini. La 1/2 ndilo la tairi na chini ya gari. Ukiwa na fedha ya seti moja tu, chukua 3/8, kisha nunua mkono mrefu wa 1/2 na boksi ya tairi peke yake.

Tatu, chagua boksi yenye pembe sita ndani badala ya kumi na mbili. Ya pembe sita hushika nati vizuri zaidi, hasa iliyokwisha kuota kutu. Namba iwe imechongwa kwenye chuma, isiwe ya kubandikwa. Maneno Chrome Vanadium yasikutie wazimu, kwani yeyote aweza kuyachonga. Nenda dukani na nati mbili tatu za gari lako mfukoni, uzijaribu. Boksi ikichezacheza, iache. Zungusha mkono wa meno pole pole huku umeushikilia kichwa. Ukiruka hata mara moja, urudishe.

Halafu gawanya bei kwa idadi ya boksi zitakazogusa gari lako, wala si kwa vipande vyote. Hapo utaona kwamba seti iliyoonekana rahisi ndiyo ghali. Na kama fedha haitoshi, nunua boksi moja moja kwenye duka la vipuri, ukianza na 10, 12 na 14.

Neno la mwisho. Kuwa na spana hakukufanyi fundi. Breki na usukani mwachie mwenye ujuzi, maana kosa la hapo halilipwi kwa kulehemu. Lakini muulize fundi wako namba za gari lako, uziandike, ndipo uende dukani.

Kwaherini hadi juma lijalo.